Pamba Windows, lakini uxtheme.dll iache
Msee, najua unataka Windows yako ikae kama Mac. Lakini themu ikikuambia ubadilishe kwanza uxtheme.dll, wachana nayo. Hiyo ni faili ya mfumo. Ndiyo hukagua kama themu imetiwa sahihi na Microsoft. Ukiichezea, sasisho moja tu linaweza kukuacha na skrini nyeusi. Mimi niliacha chuo, sina digrii, laptopu ndiyo hulipa nyumba. Siwezi kuibahatisha juu ya urembo. Natumia themu za Microsoft Store, na Rainmeter kwa ile saa kubwa ya skrini, haibadilishi faili za mfumo. Na inakaa poa! Wewe ni kichwa ngumu? Basi weka kwanza alama ya System Restore, na kazi ya mteja ihamishie flashi.