Punda Akipumzika, Maji Yataletwa na Nani?

Likizo ndefu ikikaribia tu, magrupu yetu ya WhatsApp yanajaa matangazo ya kujitolea nje ya nchi: kunywesha ndama wa tembo maziwa, kuogesha mbwa waliookotwa mitaani, kukaa wiki tatu kwenye kituo cha kutibu wanyama. Picha zinavutia kweli. Ukisoma mpaka chini unakuta kujitolea kwenyewe kunalipiwa, tena kwa dola, na bumu letu halitoshi hata nauli. Basi tunahitimisha kwamba kuhudumia wanyama ni mambo ya wazungu wenye pesa.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Ikungi, na afisa mifugo alikuwa anatafuta vijana wa kumsaidia siku za kutibu punda. Nikaenda. Washkaji walicheka sana: "Yaani unasomea ualimu halafu unaosha vidonda vya punda?"

Wacheke tu. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, na kiangazi kikikolea, kwa nyumba nyingi punda ndiye bomba la maji. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, yaani nusu ya uzito wa punda mwenyewe au hata zaidi. Kamba ikisugua pale pale kila siku, ngozi inachubuka, inzi wanakuja, kidonda kinachimbika. Na punda haoneshi maumivu haraka. Ukimwona amelegea na hataki kula, ujue ameteseka muda mrefu.

Kazi yangu ilikuwa kushika kamba, kuchemsha maji, kuyapooza, kuyatia chumvi kidogo na kusafisha vidonda kabla mtaalamu hajaweka dawa. Nyingine ilikuwa kueleza, na hapo ualimu ulinifaa. Nilieleza kwa nini oili chafu ya gari si dawa. Nilieleza kwa nini nira ya ng'ombe haimfai punda: ng'ombe ana nundu ya kuizuia, punda hana, yeye anavuta kwa kifua. Tulishona matandiko ya magunia yaliyojazwa vitambaa, yakakaa huku na huku bila kugusa uti wa mgongo. Wasikivu wazuri walikuwa watoto, maana wao ndio wanaowaswaga punda kisimani.

Siku moja mama mmoja jirani alileta punda wake wa pekee, mgongo umeoza. Akaambiwa asimbebeshe kitu mpaka kidonda kifunge. Akanigeukia mimi: "Mwanangu, nimewaelewa. Sasa huyu akipumzika, maji yataletwa na nani?"

Alijua jibu, na mimi nililijua. Yangeletwa na binti yake wa darasa la sita, dumu kichwani, alfajiri, wakati wenzake wanakimbilia namba shuleni. Tunasema "afe punda, mzigo ufike" kama utani. Punda akifa mzigo haupotei, unahamia kichwani kwa mtoto, na mara nyingi mtoto huyo ni wa kike.

Ilibidi tulijibu swali lile kabla ya kumpa mama dawa. Jioni nilipita na baba kwa majirani wawili wenye punda zaidi ya mmoja. Wakakubali kupokezana kumchotea mama madumu mawili mawili kila asubuhi, naye awasaidie kupiga alizeti zao. Kidonda kilichukua karibu wiki tatu kufunga. Binti alikosa shule siku mbili tu, siku ambazo punda wa zamu walikuwa mnadani.

Wenzetu walishaona umuhimu huu. Kule Lamu, Kenya, mji wa vichochoro ambamo punda ndiye gari, shirika la Uingereza liitwalo The Donkey Sanctuary lina kliniki ya kutibu punda bure tangu 1987. Na punda amekuwa mali inayowindwa. Ngozi yake huchemshwa kupata ejiao, dawa ya asili ya Kichina, na hata kwetu machinjio yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga. Tanzania ilisimamisha uchinjaji huo 2022, kisha Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, mjini Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Uamuzi ni mzuri, lakini hauoshi kidonda cha punda aliyefungwa nyuma ya nyumba yenu.

Sisemi msiende nje. Ukipata ufadhili, nenda, jifunze, urudi na ujuzi. Ninachosema ni kwamba ofisi ya kata yenu huenda ina afisa mifugo mmoja anayezunguka vijiji kadhaa peke yake kwa pikipiki. Likizo hii mpigie hodi, muulize anahitaji mikono lini. Hutalipa dola. Beba sabuni, ndoo na gunia kuukuu. Na kabla hujamwambia mtu ampumzishe mnyama wake, muulize kwanza nani atachota maji kesho.