Mguu Hauchomoki kwa Mbele

Siku niliyotambulishwa kwa wazazi kuwa mwalimu mkuu mpya, niliinuka kitini, nikapiga hatua tatu, na ya nne nikaipiga kwa soksi. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimebaki nyuma. Wazazi walikuwa waungwana, hakuna aliyecheka kwa sauti. Lakini mtoto mmoja aliyekuwa mgongoni mwa mama yake alininyooshea kidole, na kidole cha mtoto hakijui kusitiri. Nikarudi hatua moja, nikachomeka mguu, nikaenda mbele kusema maneno niliyoyakariri usiku kucha. Yote yalikuwa yamenitoka.

Viatu vile nilivinunua kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Mimi huvaa namba 42. Kwenye mitumba ya Karume, pale Ilala, nilikuta moka nyeusi za ngozi, soli nzima, mshono haujaguswa, ndani zimepigwa chapa ya 43. Muuzaji aliniona zilivyoniteka, akaniwahi: "Bosi wangu, namba moja siyo kitu. Soksi nene tu, kinakaa." Nikajaribu, na kweli kikakaa.

Lakini ilikuwa saa kumi jioni, nami nimezunguka juani tangu mchana. Mguu hauna ukubwa mmoja kutwa nzima. Asubuhi huwa umepungua, na kadiri mtu anavyosimama na kutembea, maji ya mwilini hushuka, mguu ukajaa. Ndiyo maana tunashauriwa kununua viatu alasiri au jioni, visije vikatubana baadaye. Ushauri huo niliufuata, ila nilisahau upande wake wa pili: kiatu kikubwa kilichojazwa na mguu wa jioni, asubuhi kitapwaya. Na mkutano wa wazazi ulikuwa saa tatu asubuhi.

Dawa ya kiatu kinachopwaya niliijua tangu utotoni, au nilidhani naijua. Sisi tulikulia Muheza, na mama yetu hakuwahi kununua kiatu cha shule kilichomwenea mtoto. Alichukua namba mbili juu. "Atakua navyo," alimwambia mwenye duka, na huko mbele kwenye vidole akashindilia sufi aliyookota chini ya msufi wa jirani, au ukurasa wa gazeti la Uhuru ulioviringwa. Tulikwenda shule tukiburuza miguu kama bata. Jambo la ajabu ni kwamba siku kiatu kilipoanza kunienea sawasawa, ndiyo siku soli ilipotoboka. Nilivaa viatu miaka yote ya shule ya msingi, lakini viatu vyangu kamili, vyenye kipimo cha mguu wangu, sikumbuki kama nilivivaa hata mwezi mmoja.

Basi nikafanya kama mama. Nikaviringa gazeti, nikalishindilia mbele ya moka zangu, nikaenda kazini. Baada ya wiki vidole vilikuwa vimejikunja kama vya kuku aliyelala kwenye tawi, na nyuma, juu kidogo ya kisigino, lilikuwa limeota lengelenge la ukubwa wa shilingi. Kiatu kilikuwa bado kinapanda na kushuka kila hatua. Lengelenge ndivyo linavyozaliwa: ngozi inavutwa huku na huku mara elfu, matabaka yake yanaachana, na maji yanajaa katikati. Nikalitumbua, kosa jingine, kwa sababu ile ngozi ya juu ndiyo bandeji bora kuliko zote. Kesho yake nilikuwa nachechemea.

Karibu na kituo cha daladala ninapopandia kila siku, chini ya mwarobaini, anakaa fundi viatu mmoja mzee. Nilimfikia nikiwa nimevua kiatu kimoja.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwalimu. Umeniletea kiatu au umeniletea mguu?"

Nikampa kiatu. Akaingiza vidole ndani, akachomoa gazeti langu, akalikunjua, akasoma kichwa cha habari bila haraka, akaliweka kando. Kisha akaniuliza kama ninavyowauliza watoto wa darasa la tatu.

"Mguu wako unachomokea wapi, mwalimu?"

"Nyuma."

"Sasa mbona umeziba mbele? Mwizi anapita dirishani, wewe unakomea mlango."

Nikaona aibu ya mwanafunzi. Nikajitia ujuzi: basi aniwekee sponji chini ya kisigino. Akatikisa kichwa. "Hapana. Nikiweka chini nitakuinua, na kiatu hiki nyuma ni kifupi. Nikikuinua utachomoka upesi kuliko sasa. Wewe hutaki kuinuliwa, mwalimu. Unataka kushikwa."

Akakata kipande chembamba cha sponji kwenye raba kuukuu, akakichonga kingo mpaka zikalala, akakivika ngozi laini. Akafuta sehemu ya nyuma ndani ya kiatu kwa kitambaa chenye petroli, mafuta na jasho vitoke. Akapaka gundi pande zote mbili, na hapo ndipo nilipotaka kuondoka, maana alikaa tu akipiga soga. Kumbe gundi ile haibandikwi mbichi. Husubiriwa mpaka ukiigusa haishiki kidole, ndipo pande mbili zikikutana hazibanduki. Akakibandika chini kidogo ya ukingo, kisije kikanikata, akakigandamiza kwa gumba. Kiatu cha kushoto akakiwekea sponji nene zaidi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mguu wangu wa kushoto ni mdogo kuliko wa kulia, naye ameuona nilipokuwa nimekaa. Watu wengi wako hivyo. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na habari za mguu wangu nilikuwa nazisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwingine.

Madukani vimo vipande vilivyotengenezwa tayari, vya jeli au sponji, vyenye gundi upande mmoja: unamenya karatasi, unabandika. Kazi yake ni ile ile. Tofauti kati ya namba 42 na 43, kwa vipimo vya Ulaya, ni theluthi mbili za sentimita, yaani chini kidogo ya milimita 7. Huo ni unene wa penseli ya mwanafunzi. Pengo la penseli moja ndilo lililoniangusha mbele ya wazazi, na kipande chembamba kisichoonekana ndicho kilichonisimamisha.

Nilivaa, nikatembea mpaka barabarani na kurudi. Kisigino kimetulia. Vidole vimepata hewa. Nikamuuliza fundi: je, kingekuwa namba 44?

"Hapo ningekuambia kauze," akasema. "Sponji inaziba namba moja. Ya pili ni kujidanganya."

Ningeishia hapo kama ingekuwa habari ya viatu tu. Lakini wiki hiyo hiyo nilipita nyuma ya ofisi ya walimu, dirisha li wazi, nikasikia sauti niliyoifahamu ikisema: "Yule bwana cheo kinampwaya." Kiswahili hakina huruma. Kingeweza kusema sifai, au sijui kazi, nikabisha. Kikasema cheo kinanipwaya, nami nilikuwa bado na kidonda kisiginoni, nikashindwa kubisha.

Mtangulizi wangu alikuwa ameishika shule ile miaka mingi, na kila jiwe pale lilimjua. Nami tangu nifike nilifanya nini? Nilijaza mbele. Nilihamisha meza nikaleta kubwa zaidi. Nilibandika matangazo marefu yenye muhuri. Niliitisha vikao vya saa mbili kwa jambo la dakika kumi. Kila sentensi yangu ilianza na "mimi kama mwalimu mkuu". Yote yale yalikuwa gazeti la kuviringa: yanaonekana yamejaza, lakini yanabana vidole vya kila mtu, na nyuma mguu unaendelea kuchomoka.

Wapo pia walioniinua. Kila shule wapo. "Mkuu, tangu uje mambo yamebadilika." Asubuhi nilisikia sifa, jioni nikarudi nyumbani nimeongezeka urefu. Lakini kila waliponiinua, kisigino kilizidi kukaribia ukingo. Mara moja nusura nitie sahihi karatasi ya malipo ya madawati ambayo hayajafika, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa mimi ni mtu wa maamuzi ya haraka. Aliyenizuia ni mwalimu mkuu msaidizi, mama mtu mzima ambaye hakuwahi kunisifu hata siku moja. Alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, twende kwanza tukayahesabu." Tukaenda. Stoo ilikuwa tupu. Hakusema neno la pili, wala hakulitangaza jambo lile. Ndipo nilipoelewa maana ya kushikwa.

Jumamosi moja nilikwenda kumwona mtangulizi wangu kwake Mbagala. Nilimkuta na kuku wake. Nilimwamkia, tukakaa, nikaeleza matatizo yangu kwa maneno mengi. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa matatu tu. Nisimame langoni kila asubuhi kabla ya kengele, bila kusema kitu. Nijue majina ya mlinzi na mpishi, pamoja na ya watoto wao. Na nisibadilishe jambo lolote mpaka nimeuliza lilianzaje. Yote matatu yalitazama nyuma. Sikuona haya tena kuuliza, maana nilikuwa nimeshafundishwa kwamba kiatu hushikwa na upande ambao mvaaji mwenyewe hauoni.

Sijafika mahali pa kusema cheo kile kimenienea kabisa, na sasa sioni kuwa ni kasoro. Kiatu kizuri huacha nafasi kidogo mbele, kidole kisigonge mtu anaposhuka kilima. Nafasi ile ya mbele si ya kujazwa, ni ya kukulia na kusogea. Mama alikuwa na haki kununua kikubwa. Alikosea mahali pa kuweka sufi.

Neno la fundi kuhusu namba ya pili nalo sikulisahau. Miaka michache baadaye niliulizwa kama niko tayari kwa kazi nyingine, kubwa zaidi, ya ofisini, yenye gari. Nilipima usiku mzima. Ile ya kwanza ilikuwa imenizidi kwa penseli moja, na watu walinishika. Hii ilinizidi kwa penseli mbili au tatu. Nikashukuru, nikakataa. Wapo walioniona mjinga. Sponji nayo nimeibadilisha mara tatu tangu siku ile, kwa sababu kila kinachobeba uzito hulala. Anayetushika nyuma naye huchoka. Asipotazamwa, siku moja utapiga hatua na kukuta ameisha.

Mama yangu sasa ni mzee, na ana kisukari. Daktari alitueleza kwamba kwa mwenye ugonjwa huo mguu unaweza kufa ganzi, akatembea na jiwe kiatuni asijue, na kidonda kidogo kikawa balaa kubwa. Chini ya kisigino cha kila mtu Mungu ameweka tabaka nene la mafuta, sponji ya kuzaliwa nayo, na umri unapokwenda tabaka hilo nalo huisha. Kwa hiyo kila ninapokwenda Muheza huwa na kazi moja ya kwanza kabla ya chai. Nachukua viatu vyake, naingiza mkono ndani, napapasa mpaka kwenye vidole: kama kuna changarawe, kama kuna mshono uliosimama, kama kile kipande cha nyuma kimebanduka. Kisha natazama visigino vyake, kimoja kimoja.

Safari iliyopita nilimpelekea viatu vipya, vyenye nafasi kidogo kwa sababu miguu yake huvimba jioni, na nyuma nimevibandika sponji mwenyewe, kwa gundi niliyoisubiri ikauke. Alivivaa, akasimama, akatazama pale mbele penye nafasi.

"Mwanangu," akasema, "vikubwa. Sasa mimi nitakua navyo?"

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Kisha akatembea kutoka kibarazani hadi kwenye msufi na kurudi, na viatu havikuchomoka.