Kila Daftari Lilikuwa na Mwenyewe

Engutoto, Arusha

Mwanangu,

Ujumbe wako ulinikuta kwenye foleni ya kupima presha, na nadhani ndio ulioipandisha. Unasema umekesha siku tatu huko Leipzig ukiandika jina letu kwenye tovuti za kutafuta nasaba, ukaambulia akina Mollel chungu nzima usiowajua, wakati rafiki yako Mjerumani kapata babu zake wa miaka 300 jioni moja tu. Halafu ukaniuliza swali lililonichoma: "Shangazi, ina maana sisi hatukuandikwa?"

Tuliandikwa, mwanangu, tena sana. Ila waliotuandika hawakutuandikia sisi. Kila daftari lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na shida yake: huyu anataka kodi, yule anataka roho, mwingine anataka mabega ya kubebea mizigo. Jiulize kwanza alitaka nini kwa babu. Hapo utajua aliandika nini, na kwa nini mengine aliyaacha.

Hilo jina lenyewe ndilo lililokupoteza. Mollel ni ukoo mkubwa kwetu Waarusha, kama Laizer, kama Lukumay, kama Kivuyo. Ukiandika Mollel umetafuta nusu ya Arusha. Tumeanza kulibeba kama jina la mwisho shuleni, pale mwalimu alipotaka majina matatu na watoto wakawa na mawili. Babu yangu, ambaye kwako ni baba wa babu, hakuitwa hivyo hata siku moja. Alikuwa na jina lake na la baba yake, basi, na karani aliyelisikia alilibandika kwa herufi zilizomjia. Kwa hiyo ukikutana na Laizer huku na Laiser kule, usidhani ni watu wawili, wala usidhani ni mmoja.

Sensa usihangaike nayo. Najua huko Uingereza wanafungua karatasi za sensa baada ya miaka 100, jina kwa jina, mtu anamwona bibi yake na kazi aliyofanya. Kwetu haiko hivyo. Mwingereza alifanya sensa mwaka 1948 na 1957, sisi wenyewe tukafanya 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na matokeo yanayotolewa ni idadi. Habari za mtu mmoja mmoja ni siri kwa mujibu wa sheria. Ile ya 2022 ilipata watu 61,741,120, na mimi ni mmoja wao. Ndiyo faida pekee niliyoipata.

Hiyo ya 1967 naikumbuka vizuri. Karani alikuja nyumbani, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akamuuliza baba ana watoto wangapi. Baba akautazama mlima. Akaulizwa tena, akasema, "Wapo wa kutosha." Wazee wetu hawakuhesabu watoto wala ng'ombe, kuhesabu kulikuwa kuita kifo. Baba alijua ng'ombe yupi hayupo kwa kulitazama zizi, bila namba. Mwishowe mama, ambaye ni Mmeru na hakuwa na subira na mambo hayo, akataja idadi kutoka jikoni. Akamsahau mdogo wetu aliyekuwa kwa bibi. Basi hata hiyo idadi unayoililia ina upungufu wa mtu mmoja, na mtu huyo, kwa taarifa yako, ni baba yako.

Sasa kodi. Mjerumani alianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Mwingereza alipokuja akaendelea nayo akaongeza ya kichwa. Ninao mkebe wa majani ya chai wenye stakabadhi za babu. Alizitunza kuliko nguo zake, maana ukikutwa barabarani huna karatasi unakamatwa. Kwenye mojawapo kuna jina lake, limekosewa, na mbele yake tarakimu 3. Nyumba tatu. Nyumba tatu maana yake wake watatu, kila mmoja na nyumba yake, na babu alilipia zote. Bibi aliyenilea, aliyenifundisha kukamua, aliyekuwa akinifukuza kwenye kibuyu cha maziwa, hiyo ndiyo alama pekee aliyoiacha kwenye karatasi za serikali: theluthi moja ya tarakimu. Nimeitazama ile karatasi mara nyingi. Ukija nitakuonyesha, ila usiiguse kwa mikono ya mafuta.

Kanisa ndilo lililoandika wanawake. Wamisionari wa Leipzig, hapo hapo ulipo, walikuja Meru mwaka 1896, na wawili wao, Ovir na Segebrock, wakauawa Akeri mwezi Oktoba. Kituo cha Nkoaranga kilianzishwa 1902, cha Ilboru 1904. Walipombatiza mtu waliandika jina la zamani, jina jipya, baba, mama, tarehe. Vitabu vya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi viko sharikani, na ukienda nenda kwa heshima: barua, mchungaji, katibu wa usharika, na soda. Karatasi za misheni yenyewe zimehifadhiwa Halle, kwenye Franckesche Stiftungen, mwendo mfupi tu wa treni kutoka kwako. Tafuta wa kukusomea mwandiko wa zamani; hata Wajerumani wa leo unawashinda.

Lakini nikuambie nilivyojiaibisha. Kwenye usharika mmoja niliona jina la baba, jina la babu, na kijiji ndicho. Nililia palepale. Nikawapigia simu wote, nikasema tumepata tarehe. Mzee mmoja wa ukoo akanisikiliza hadi mwisho, akauliza neno moja: "Rika gani?" Nikahesabu. Aliyebatizwa pale alikuwa mtu mzima mwenye mke, na tarehe ile baba yangu alikuwa bado hajatahiriwa. Baba alikuwa wa rika la Terito. Yule alikuwa wa rika lililotangulia, jina moja, babu mwingine.

Tangu siku hiyo sigusi daftari kabla sijauliza rika. Talala ndio waliokuwa vijana wakati wa kupigana na Mjerumani, wakafuata Twati, rika la babu yangu, kisha Tareto, Terito, Nyangusi, Seuri. Rika haliandikwi, lakini halikosewi: mtu hasahau aliotahiriwa nao. Hiyo ndiyo rejista tuliyojiandikia wenyewe. Hata mimi, kitambulisho kinasema nimezaliwa 1 Julai 1953, tarehe aliyoibuni mwalimu mkuu. Mama alisema nilizaliwa Wameru walipokuwa wanafukuzwa Ngarenanyuki, nyumba za ndugu zake zikichomwa kuwapisha walowezi. Hiyo ni mwishoni mwa 1951, na Kirilo Japhet aliipeleka kesi hiyo hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Namwamini mama. Kwa hiyo ukimhoji mzee usimuulize mwaka. Muulize ilikuwa kabla ya nini.

Kuhusu kaburi. Kuna siku nilipelekwa Tengeru kwenye makaburi ya Wapolandi, wale wakimbizi wa vita waliofika mwaka 1942. Kambi yao ilikuwa na watu kama 5,000. Makaburi ni karibu 150, na mawe yana majina na tarehe. Jamaa zao wanatoka Ulaya, wanatembea kati ya mistari, wanampata wao. Nikaona wivu. Wivu wa makaburi, mwanangu, sikujua kama upo.

Kaburi la babu yangu silijui, na usimlaumu mtu. Zamani waliozikwa ni wazee wenye heshima, wengine walilazwa porini, na haikuwa aibu. Jina la marehemu nalo halikutajwa. Bibi aliishi miaka mingi baada ya babu, na sikumsikia akilitamka. Alisema "baba yao". Hilo la kuzika migombani na kusimamisha msalaba wa saruji limekuja na kanisa. Na cheti cha kifo usikitafute kwa watu wa enzi hiyo: sheria ya usajili ya mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika. Kifo cha baba tulikisajili pale tu tulipohitaji karatasi ya mirathi. Leo hayo yako RITA, wakala wa serikali wa usajili, na ya kwako unaweza kuyapata. Hayo ni mepesi.

Yapo mazito zaidi, na uko karibu nayo kuliko mimi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachaga, huko Old Moshi pamoja na wenzake 18, wakiwemo viongozi wa Meru na Arusha. Mafuvu mengi ya watu wa Afrika Mashariki yalisafirishwa kwenda Berlin, zaidi ya elfu moja. Mwaka 2023 makumbusho ya huko yalitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha mafuvu matatu na jamaa walio hai hapa Tanzania. Moja ni la Akida, aliyekuwa mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwemo, ingawa mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alilitafuta kwa miaka mingi. Nani angedhani kwamba daftari la mazishi la watu wetu lingekuwa kabati la makumbusho? Na ndugu yake babu, aliyechukuliwa upagazi kwenye vita ya Mjerumani na Mwingereza, usimtafute kwenye mawe. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Wapagazi wale, Carrier Corps kwa Kiingereza, wameachiwa jina la soko, Kariakoo.

Umesema pia unataka kupima vinasaba. Pima, ila usishtuke. Wakati wa sotoka, ng'ombe walipoisha miaka ya 1890, Wamaasai wengi walikimbilia kwetu milimani, wakapokelewa, wakapewa ukoo na shamba. Bibi alidokeza mara moja kwamba baba wa babu yangu hakuzaliwa huku. Kama damu itasema mengine, ukoo haujadanganya, ulimpokea tu. Na majina utakayoyapata usiyatume kwenye kundi la familia la WhatsApp kabla hatujazungumza. Engutoto hii viwanja vimekuwa dhahabu, na kuna watakaosoma orodha yako kama hati ya shamba.

Yule mzee aliyeniuliza rika bado yupo. Ni Seuri, macho yamekwisha lakini kichwa kiko sawa. Njoo Desemba. Twende asubuhi, maana akishakula mchana analala hadi jioni. Beba daftari, simu iache mfukoni mpaka akuruhusu, na umletee ugoro. Mimi nitabeba loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa. Ukianza, usimuulize babu alikufa lini. Muulize alikuwa anacheka nini.

Shangazi yako