Fremu ya Alumini, Uma wa Kaboni

Wasomaji wenzangu mtaniwia radhi nikiziacha ngeli na vinyambuo kwa ukurasa mmoja ili nizungumzie baiskeli. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili upande wa mashariki wa Uganda, katika vilima vinavyopanda kutoka Mbale kuelekea Mlima Elgon, na kwa mwalimu wa huku baiskeli si chombo cha anasa. Ndiyo inayonifikisha darasani na kunirudisha nyumbani, kilomita 11 kila upande, nusu yake ikiwa ni changarawe na mawe, na wakati wa mvua tope jekundu linaloteleza kama sabuni.

Kwa miaka mingi nilikuwa na baiskeli nzito ya chuma iliyotoka India, ya aina ile inayobeba mikungu ya matoke katika kila soko la Uganda. Kisha zamu yangu ikafika katika chama chetu cha kuweka akiba, nikaazimia kununua baiskeli ya milimani. Hazikuwa fedha za kuchezea, kwa maana karo ya mwanangu ilikuwa ikizitazama kwa jicho lile lile.

Duka moja la mitumba mjini lilikuwa na baiskeli iliyonivutia: fremu ya alumini na uma wa mbele wa nyuzi za kaboni. Mwenye duka aliniinulia kwa kidole kimoja. "Mwalimu," akasema, "hii ndiyo wanayoshindania Wazungu." Sikumjibu. Nilitaka kwanza kujua hizo mada mbili zina tabia gani.

Alumini ina uzito wa kama theluthi moja ya uzito wa chuma cha ujazo ule ule. Ila ukakamavu wake nao ni theluthi moja vile vile. Kwa hiyo watengenezaji hupanua mabomba, kwani kipenyo kikiongezeka, ukakamavu wa bomba hukua upesi kuliko uzito wake. Mtu akiliona bomba nene la alumini hudhani ni zito. Kumbe unene huo ndio uliowezesha kulifanya jembamba ukutani na jepesi mkononi. Hilo ni jema. Lisilo jema sana ni kwamba chuma, kikitikiswa chini ya kiwango fulani cha nguvu, huweza kuvumilia mitikiso isiyo na idadi, ilhali alumini haina kiwango cha namna hiyo. Kila shimo la barabarani huhesabiwa. Fremu iliyoundwa vizuri huwekewa akiba ya kutosha miaka mingi, lakini mwenyewe hana budi kuikagua penye maungio, hasa chini ya shingo na pale penye ekseli ya pedali, asije akaupuuza ufa mdogo unaofanana na mkwaruzo.

Nilimwendea fundi wangu, mzee ambaye amechomelea nusu ya baiskeli za kata yetu. Aliigonga fremu kwa kucha, akanirudishia. "Hii ikipasuka, Mwalimu, usiniletee." Mzee yule alikuwa na haki. Alumini ya namari 6061, ambayo hutumiwa sana katika fremu, hupata nguvu zake kwa kupashwa moto mkali, kuzimwa ghafla, kisha kuokwa polepole kwa saa kadhaa. Moto wa kuchomelea huziondoa nguvu hizo kandokando ya kiungo, na tanuri la kuzirudisha halipo kando ya barabara yetu. Chuma hupona chini ya mwembe, alumini haiponi.

Hata hivyo niliikubali alumini. Njia yangu ina mlima, na kila asubuhi naupanda nikiwa na madaftari ya kidato kizima mgongoni.

Uma ulinipa shida zaidi. Nyuzi za kaboni hulazwa tabaka juu ya tabaka ndani ya gundi inayoganda, na mtengenezaji huzielekeza apendako, hata uma ukawa mkakamavu upande mmoja na wenye kulegea kidogo upande mwingine. Hupunguza ule mtetemo mdogo wa changarawe. Jambo hilo lilinishawishi, maana siku nyingine mikono yangu hufika ubaoni ikiwa bado na ganzi, na mwandiko wangu huwachekesha wanafunzi. Lakini chuma kikipigwa hupinda, na kupinda kwake ni onyo. Kaboni huweza kuumia ndani kwa pigo la jiwe, au kwa skrubu iliyokazwa kupita kiasi, ikabaki inang'aa nje, kisha ikavunjika siku moja bila taarifa. Uma ukivunjika kwenye mteremko, mwendeshaji hana pa kushika.

Uma mpya wenye kujulikana ulikotoka ningeununua bila wasiwasi. Huu wa mtumba ulikuwa umeanguka mara ngapi, na wapi? Mwenye duka hakujua, wala hakudai kujua. Nilimlipa fremu na magurudumu, uma nikamwachia.

Fundi alinitafutia uma wa chuma. Tuliupima kutoka ekseli hadi kwenye taji, kwa sababu uma ukipungua kwa milimita 20 tu, pembe ya mbele husimama kwa kadiri ya digrii 1, na baiskeli huwa na kiherehere kwenye mteremko. Mtetemo niliupunguza kwa tairi za inchi 2.2 zisizojazwa upepo kupita kiasi. Ni dawa ya bei rahisi kuliko kaboni.

Katika upimaji huo nilimwuliza mzee lile bomba la uma linaloingia ndani ya fremu yeye hulitaja kwa jina gani. Nilitazamia neno la Kiingereza lililokatwa mkia. "Koo," akajibu, "maana linapita ndani ya shingo." Wiki ile ile nililiandika ubaoni, pamoja na feleji, jina la zamani la chuma kigumu cha panga, ambalo hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyepata kulisikia.