Rada, radi na solusheni ya fundi baiskeli

Jamani, Mtanzania ukimtajia rada anawaza pesa tu. Simlaumu. BAE Systems walituuzia moja kwa pauni milioni 28, ikawa kesi hadi London, na mwaka 2012 zikarudi pauni milioni 29.5 za vitabu na madawati. Tukaziita "chenji ya rada".

Mimi leo nataka kuongelea ganda. Pua ya ndege unayopanda Mwanza kwenda Dar kwa kawaida si bati. Ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, kwa sababu mawimbi ya rada iliyofichwa ndani hupenya kioo, ila chuma huyarudisha. Tatizo ni radi, na sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunaijua, hasa ya usiku. Kwa hiyo juu ya ganda hubandikwa vipande vyembamba vya chuma vya kuipeleka radi kwenye mwili wa ndege.

Kasheshe ni kuvibandua... samahani, kuvizuia visibanduke! Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya faibaglasi. Ndege inatoka kwenye jua la uwanjani hadi baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, kila safari vitu viwili vinavutana. Ufa ukitokea, maji yanaingia, yanaganda, yanazidi kuupanua. Tena maji hudhoofisha mawimbi, rubani anapungukiwa macho palepale penye wingu la dhoruba.

Dawa yake? Nenda stendi ya Bunda umtazame fundi baiskeli. Nilimuuliza mmoja kwa nini anasugua tyubu na msasa kwanza. "Mdogo wangu, usiposugua, solusheni itashika vumbi, haitashika mpira."

Viwandani ni hayohayo, ila kwa gharama. Faibaglasi husuguliwa taratibu nyuzi zisikatike. Aluminiamu huzamishwa kwenye tindikali na kupitishiwa umeme, inaota tabaka lenye vitundu vidogo mno ambamo gundi huzama. Kisha unamwagia maji safi: yakitandaa sawasawa, pako safi. Yakijikunja matone kama kwenye jani la gimbi, kuna mafuta, rudia.

Gundi ikishakauka, kipimo hicho hakifai tena. Hapo fundi wa ndege huchukua sarafu, ndiyo, sarafu, anagonga ganda polepole akisikiliza. Mlio ukigeuka butu, pamebanduka.