Mtoto Yuko Wapi?

Je, umewahi kuupiga picha moto wa jikoni kwako? Mimi nilifanya hivyo mwaka 2023. Nakueleza niliyoyaona.

Nilikwenda kijijini kumsalimu mama. Jioni alikuwa akipika ugali. Mjukuu wake alikuwa mgongoni. Nilitaka picha ya kumbukumbu. Nilitoa simu, nikapiga. Simu ikawasha taa yake. Picha ikatoka nyeupe kama ukungu.

Nilitambua kosa langu. Mwanga ukitoka kwa mpiga picha, moshi ulio karibu huurudisha, na picha huharibika. Moshi huonekana vizuri mwanga ukitoka ubavuni, na nyuma yake pakiwa na giza. Basi niliizima taa. Jua la jioni lilikuwa likiingia mlangoni. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweusi kwa masizi. Nikasimama mbali na moto, nikapiga tena.

Safari hii moto ulionekana vizuri. Moshi nao ulionekana wote, tangu kwenye mafiga hadi kwenye paa. Nilifurahi, nikampa mama simu. Aliitazama kwa muda. Kisha akauliza, "Mwanangu, mtoto yuko wapi?"

Mtoto alikuwamo. Lakini moshi ulikuwa umemfunika uso.

Tulinyamaza. Mtoto huyo alikuwa akikohoa kwa wiki tatu. Tulisema ni baridi. Mama naye alitokwa machozi kila alipopika. Tuliuzoea moshi huo, hata tukawa hatuuoni tena.

Moshi wa kuni una chembe ndogo sana zinazoingia mapafuni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Kesho yake tulimpeleka mtoto zahanati. Kisha tulitoboa dirisha ukutani, karibu na paa, kwa sababu moshi wa moto hupanda juu. Tulianika kuni juani, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi. Tukakubaliana kuwa wakati wa kupika, mtoto akae nje na dada yake.

Baada ya wiki mbili nilipiga picha nyingine mahali pale pale. Moshi haukwisha, lakini ulipungua. Mama aliitazama picha, akacheka. Akasema, "Kumbe ukuta wangu ni mchafu hivi! Nitafutie chokaa."

Ndugu msomaji, kama wewe au kijana wako ana simu, piga picha jikoni kwako. Zima taa ya simu. Kaa mbali na moto. Kisha tazama vizuri: ni nani yumo ndani ya moshi huo?