Alikwisha Kumwambia Mtu

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Mvua imekubali. Kasikeu nzima iko shambani kupanda kunde na pojo, nami mhamasishaji wa afya napita maboma nikikuta wazee na watoto. Katika boma moja msichana wa miaka kumi na mitano, yuko nyumbani likizo, ameniuliza kwa sauti ya chini kipimo cha mimba huanza kuonyesha baada ya muda gani. Jina lake sitaliandika hata humu.

Aliyemnajisi ni ndugu wa marehemu babake. Ndiye anayemlipia karo. Ilianza likizo ya Agosti.

Nimemuuliza kama kuna mtu mwingine anayejua. Nilitarajia aseme hakuna. Amenitajia watatu: susu (nyanya) wake, aliyeambiwa asubuhi baada ya siku ile ya kwanza, kabla hata ya chai, shangazi, na mama mmoja anayewafundisha watoto kanisani. Susu alilia, kisha akamkanya asirudie maneno hayo, kwa sababu shamba bado lina jina la babu na mamake ni mjane asiye na pa kwenda. Shangazi alimuuliza alikuwa amevaa nini. Yule wa kanisani alimwombea.

Mamake ameambiwa leo jioni, mbele yangu.

Jumatano, 6 Novemba

Tumeshinda hospitalini. Daktari mpole sana, alimweleza kila kitu kabla ya kumgusa, akaijaza taratibu fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji. Hana mimba wala virusi, Mungu ashukuriwe. Lakini dawa za kukinga HIV huanzwa ndani ya saa 72, na siku ile ya Agosti binti huyu alizungumza saa ishirini na nne hazijaisha. Angezipata. Jambo hili limenikaa kifuani tangu asubuhi.

Katika kituo cha polisi tumehojiwa mezani pale mbele, watu wa foleni wakisikiliza. Mamake alikuwa anajibu huku ameufunika uso kwa leso. Tumepewa P3, fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari, na imejazwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Wazee wamefika kwa mama, nami nikaitwa. Wamezungumza kwa heshima, lazima niseme hivyo. Mbuzi watatolewa, karo italipwa hadi kidato cha nne, na mambo yaishe nyumbani. Kisha mmoja akamkumbusha mama kwamba kesi ikishindikana, mlalamishi ndiye atakayefungwa.

Hilo nililijibu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ile iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, kweli ilikuwa na kifungu cha 38: anayetoa madai ya uongo aadhibiwe sawa na mkosaji. Kilifutwa 2012. Miaka kumi na miwili baadaye bado kinawafunga watu midomo huku kwetu, maana habari ya kufutwa kwake haikutembea kama ile ya kuwekwa. Nikawaambia pia kwamba kifungu cha 40 kinamnyima hata mama mwenyewe uwezo wa kuiondoa kesi. Uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka. Nimeona mama akivuta pumzi. Nadhani kumwondolea mzigo wa kuamua kulimsaidia kuliko ushauri wangu wote, kwa sababu sasa anaweza kuwaambia shemeji zake, na ni kweli, kwamba haiko mikononi mwake.

Simlaumu kwa kusitasita. Ataendelea kuteka maji kisima kimoja na watu hawa.

Ijumaa, 15 Novemba

Palizi kwa jirani, mwanamke aliyenizidi umri mbali. Habari zimeshaenea. Bila kuacha jembe akaniambia, "Mwaitu, hata mimi nilisema. Nilimwambia mama. Akanituma maji." Akaendelea kupalilia. Nami nikaendelea, sikupata neno.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 13 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Jirani yangu amevuka umri huo zamani, hakuhesabiwa. Na wasichana wa Meru walioshtaki polisi walikuwa wamekwisha kusema. Mahakama Kuu iliamua Mei 2013 kwamba polisi walikiuka haki zao kwa kutochunguza ipasavyo malalamiko yao ya ukatili huo. Kusema walisema, hadi kituoni.

Jumatatu, 25 Novemba

Siku 16 za kupinga ukatili zimeanza. Redioni wanawahimiza waathiriwa wavunje ukimya. Najua nia ni njema, lakini nimekasirika. Msichana huyu hakuwa na ukimya wa kuvunja. Ukimya ulikuwa wa watu wazima watatu, kila mmoja akiwa na kitu cha kulinda: shamba, jina la ukoo, amani ya kanisa. Redio ingezungumza nao.

Mshukiwa amekana mashtaka. Kesi itasikizwa mwakani. Leo binti ameniuliza swali moja tu: siku hiyo atalazimika kumtazama? Nimemwambia kifungu cha 31 kinairuhusu mahakama kumkinga shahidi kama yeye, asionane na mshtakiwa, lakini ni vyema iombwe mapema. Kesho nitampigia mwendesha mashtaka. Halafu niende kwa susu, maana yeye ndiye shahidi wa asubuhi ile, na bado hajakubali kuandikisha taarifa.